Uso wa Ziwa na Tumbo Lake

Sisi watoto wa kando ya Tanganika, toka shule ya musingi tuliambiwa kwamba Victoria ndilo ziwa kubwa kupita yote ya Afrika. Ni kweli, kama tunaangalia uso: Victoria iko na kilometa za mraba 68.800 hivi, na Tanganika 32.900 tu. Lakini uso si tumbo.

Tuanzie nyumbani. Bido ya lita 20 inakaa kwenye kona ndogo ya jikoni. Mwaga maji yake ndani ya chumba cha meta 4 kwa meta 5: yataenea kila pahali, lakini kimo chake kitakuwa milimita 1. Maji ni yale yale. Njo kusema, ujazo ni eneo mara kina cha wastani.

Wachunguzi Wabelgiji waliopima Tanganika mwaka 1946 na 1947 walikuta shimo la meta 1.470. Kina cha wastani ni kama meta 570. Cha Victoria ni 40 tu. Tufanye hesabu: Tanganika inabeba karibu kilometa za ujazo 18.900, Victoria 2.750. Yule tuliyemwita mudogo anabeba maji karibu mara saba ya mukubwa wake!

Lakini hesabu hiyo iko na upande mwingine, na huo unatugusa zaidi. Ziwa letu lina mlango mumoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1874 Muingereza Cameron aliukuta umezibwa na majani na matope. Maji yakaendelea kupanda mpaka yakapasua kizuizi. Mwaka 1879 Hore aliona mto unatoka kwa nguvu, na miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu meta 10. Kwa tumbo la ziwa hiyo haifiki hata mbili kwa mia. Kwa watu wa pwani, ilikuwa dunia ingine: Ujiji ilibaki mbali na maji.

Mwaka 1964 ziwa lilipanda tena. Vilevile mwaka 2021 na 2024, tukaona nyumba za Uvira na Kalemie zimeingiliwa na maji. Meta 1 ikiongezeka juu ya uso wote ni kilometa za ujazo 33. Ziwa lenyewe halisikii kitu, kwa sababu ni sehemu moja kati ya 570. Lakini nyumba iliyojengwa nusu meta juu ya maji imekwisha.

Basi tunapotafuta kiwanja, tusiangalie tu upana wa ufuko na uzuri wa mchanga. Tuwaulize wazee: mwaka 1964 maji yalifika wapi? Pale waliponyosha kidole, njo mpaka wa ziwa. Tujenge juu yake.