Masika, Matope na Baiskeli za Singida

Mvua ya Singida ina saa zake. Tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, asubuhi mara nyingi huwa na jua, mawingu hukusanyika adhuhuri, na alasiri ngurumo huanza. Waliosafiri mbali kwa baiskeli waliijua ratiba hiyo kuliko ya basi. Waliondoka jogoo wa kwanza akiwika, ili mvua iwakute wameshafika penye nyumba za watu.

Kata ya Utemini imo ndani ya mji wa Singida, kwenye uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Majabali, maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, pamoja na upepo usiochoka, ndivyo vinavyoutambulisha mji. Mgeni anayedhani Tanzania ya kati ni joto tupu hushangazwa na baridi yake. Aliyelowa chepechepe akiendelea kukanyaga pedeli hujiongezea upepo mwenyewe: shati la pamba hugandamana na mgongo, vidole hufa ganzi kwenye breki, na mteremko aliokuwa akiusubiri kwa hamu hugeuka adhabu.

Masika ya nyanda hizi yamewahi kusimamisha hata jeshi. Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jenerali Van Deventer wa Afrika Kusini aliongoza wapanda farasi kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi, mashariki ya Singida. Mji waliuteka kutoka kwa Wajerumani, lakini mvua ikaikata njia nyuma yao. Magari ya mizigo yalizama, farasi wakafa kwa mamia, na askari wakaishi kwa chakula cha kubahatisha. Safari ya kwenda kwenye reli ya kati ilibidi ingoje ardhi ikauke, na Dodoma ikatwaliwa mwishoni mwa Julai.

Baada ya vita, Waingereza walijaribu kuyashinda matope hayo kwa chuma. Katika miaka ya 1930 tawi la reli kutoka Manyoni lilipita Singida hadi Kinyangiri. Mizigo haikutosha kulilipia, na katika miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa. Miongo kadhaa ilipita kabla Singida haijapata nyingine. Katika pengo hilo, asiyekuwa na nauli ya lori alitegemea miguu yake, punda au baiskeli.

Baiskeli zenyewe zilikuja kwa zamu. Kwanza Raleigh ya Nottingham na ndugu zake wa Birmingham, kisha Phoenix ya Shanghai na Avon ya India, na Swala, iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO jijini Dar es Salaam. Nyingi zilikuwa na umbo moja: fremu nzito ya chuma, tairi za inchi 28, breki za fito, madigadi na keria pana nyuma. Umbo hilo liliweza kubeba gunia la alizeti au mtu mzima bila kupinda.

Masika yalizitafutia mahali pa udhaifu. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake, na mwendeshaji hukuta baiskeli haisimami pale alipotaka. Mbaya zaidi ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi, kisha gurudumu hukataa kuzunguka kabisa. Wenye uzoefu walibeba kijiti cha kuchokolea tope, au waliyafungua madigadi mapema na kukubali kuchafuka mgongo. Kwenye njia ya magharibi, baada ya mteremko mkali wa Sekenke, ilingoja mbuga ya Wembere, inayogeuka bahari ya tope mvua zikizidi. Hapo baiskeli ilibebwa begani na mwenyewe.

Hata hivyo biashara haikuweza kusubiri kiangazi. Wachuuzi wa kuku, bidhaa iliyoupa mkoa huu jina hadi Dar es Salaam, walizunguka vijijini na matenga juu ya keria, wakinunua mmoja mmoja kabla ya kurudi mjini kupakia kwenye mabasi na malori. Kwao nailoni ya kufunikia ilikuwa ya tenga kwanza, ya mtu baadaye. Kuku aliyelowa hufa kwa baridi, na kuku akifa mtaji umekwenda.

Mvua za El Niño za 1997/98 ziliharibu barabara na reli sehemu nyingi za nchi. Miaka iliyofuata ilileta lami: kwanza njia kuu ya Manyoni, Singida na Nzega, kisha ile ya kwenda Babati. Njia ilipokuwa nzuri, baiskeli ndiyo iliyopoteza kazi. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India ziliingia kwa kasi, na 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za bodaboda. Mchuuzi aliyekuwa akitumia siku nzima kuzunguka vijiji sasa hurudi kabla ya mawingu kukusanyika.

Safari ndefu za baiskeli zimebaki kwa watu wa aina nyingine. Tour d'Afrique, msafara wa Cairo hadi Cape Town ulioanza 2003, huingia Tanzania wakati wa masika, na kwa miaka kadhaa njia yake imepita Babati na Singida kabla ya kushuka Itigi, Rungwa na Mbeya. Twende Butiama, msafara wa Watanzania wa kumuenzi Mwalimu Nyerere ulioanza 2019, huanzia Dar es Salaam na kukwepa miezi ya mvua. Wakiendesha Julai hukosa tope, lakini hukutana na upepo mkavu na baridi ya kipupwe.

Pamoja na hayo, wakulima na wanafunzi wengi wa Singida bado wanaendesha baiskeli, mvua au jua, na kwenye lami wanagombania ukingo na malori. Barabara ikipanuliwa, TANROADS na Manispaa ya Singida wawatengee njia yao pembeni, yenye mtaro wa kutoa maji, kuanzia mitaa ya Utemini hadi nje ya mji.