Bawaba: Idadi na Mahali Pake Mlangoni

Bawaba ni kiungo cha chuma kinachoushika mlango kwenye mwimo na kuuwezesha kufunguka na kufungwa. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, shina moja na bawabu, yaani mlinzi wa lango. Kenya mafundi wengi husema hinji. Bawaba ya kawaida ina majani mawili yanayokazwa kwa skrubu, vifundo vinavyopishana, na pini inayopita katikati ya vifundo hivyo. Milango ya kale ya Zanzibar haikuihitaji: kila ubao ulichongwa ncha juu na chini, zikazunguka ndani ya matundu ya fremu.

Kwa desturi ya useremala, mlango usiozidi mita 1.5 kwenda juu hutosheka na bawaba mbili. Wa kawaida, wa mita 2 hivi, hupewa tatu, na kila sentimita 75 zinazozidi mita 2.3 huongeza moja. Mlango mzito, kama wa mninga au mkongo, haufai kupewa mbili hata ukiwa mfupi.

Hata hivyo, mahali pa bawaba pana uzito zaidi kuliko idadi yake. Mlango hauning'inii tu. Huivuta bawaba ya juu itoke kwenye mwimo na kuisukuma ya chini iingie. Tuseme mlango una kilo 40, upana sentimita 80, na bawaba za mwisho zimeachana mita 1.6: ya juu huvutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10. Zikisogezwa hadi mita 1, mvuto huo unafika kilo 16. Ndiyo sababu ya juu hukaa kama sentimita 15 kutoka ukingo wa juu, na ya chini sentimita 25 kutoka sakafuni. Ya tatu wengi huiweka katikati, ambako husaidia ubao usipinde. Mlango ukiwa mzito, ni bora isogezwe juu ikaisaidie ile inayovutwa.

Katika miji ya ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kama Shinyanga, Kahama na Geita, milango ya chuma ni mingi, hasa kwenye maduka na maghala, na bawaba zake huchomelewa. Hapa mazoea ya kuongeza bawaba ya nne ili mlango "uwe imara" mara nyingi ni hasara. Pini zote lazima zinyooke kwenye mstari mmoja. Moja ikipinda kidogo, mlango hukaza, na kila ukifunguliwa chuma hulika. Fundi makini hufunga uzi kutoka bawaba ya juu hadi ya chini kabla ya kuchomelea ya katikati.

Bawaba za kuchomelea nyingi ni vipande viwili, cha juu kikikalia pini ya cha chini, hivyo mlango waweza kunyanyuliwa ukatoka. Kwa duka la mnunuzi wa dhahabu hilo ni jambo zito. Dawa yake ni kuigeuza bawaba moja, pini itazame chini. Na kama bawaba ni za pini inayopita katikati na mlango unafunguka kwa nje, vichwa vya pini vichomelewe.