Taa Inayoijua Magharibi

Kwetu sisi tuishio karibu na Ikweta, magharibi ni mgeni mwenye adabu. Haji mapema mno wala hachelewi sana. Pale Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ambayo jua huchwa mapema kuliko zote na siku linapochelewa kuliko zote haifiki saa nzima. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kupanga kazi, sala na safari kwa kutazama jua tu. Lakini nenda London. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mwezi Juni huweza kuwa bado linaonekana saa mbili usiku. Mtu wa huko akipanga kuwasha taa za barabarani kwa saa ile ile mwaka mzima, mwezi mmoja atawaacha watu wakigongana gizani, na mwezi mwingine atachoma gesi bure kweupe.

Kwa muda mrefu dawa ya tatizo hilo ilikuwa mtu. Gesi ya makaa ilipoanza kuangaza mitaa ya London mwanzoni mwa karne ya 19, na kampuni ya kwanza ya gesi ya mji huo kupewa hati yake mwaka 1812, palizuka kazi mpya kabisa: kazi ya mwasha taa. Jioni alipita na ngazi au fimbo ndefu, akawasha taa moja baada ya nyingine. Alfajiri akarudi kuzizima. Chombo chake cha kupimia giza kilikuwa macho yake mwenyewe. Historia ninayotaka kukusimulia, ndugu msomaji, ni ya namna macho hayo yalivyohamishwa kutoka kwa mtu na kutiwa katika taa.

Wa kwanza kuikaribia siri hiyo hakuwa akiitafuta. Willoughby Smith alikuwa fundi Mwingereza wa umeme wa simu za chini ya bahari. Mwaka 1866 alishiriki kutandaza waya kutoka Valentia, Ireland, hadi Heart's Content, Newfoundland. Waya ulipokuwa ukishushwa baharini ilibidi upimwe wakati wote, na kwa upimaji huo Smith alihitaji vikinza, yaani vipande vya kuzuia umeme, vyenye ukinzani mkubwa sana na usiobadilika. Akachagua seleni, elementi iliyogunduliwa na Msweden Berzelius mwaka 1817. Akatengeneza vijiti vyembamba vya seleni, akavifungia katika mirija ya kioo.

Matokeo yakawa ya kuudhi. Ukinzani ulikuwa mkubwa kama alivyotaka, lakini haukutulia. Leo mpimaji huyu anapata jibu hili, kesho mwingine anapata jibu lile. Fundi mwingine angevitupa vile vijiti akatafuta kitu kingine. Smith na wasaidizi wake wakauliza: kwa nini? Wakaviweka vijiti ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kutelezesha. Kifuniko kilipofungwa, ukinzani ulipanda ukatulia. Kilipofunguliwa, umeme ulipita kwa urahisi zaidi, kwa kadiri ya mwanga ulioingia. Hata kupitisha mkono mbele ya taa ya gesi iliyo hatua kadhaa kutoka hapo kulitosha kubadili kipimo. Taarifa hiyo ilitangazwa Februari 1873. Miaka sita baadaye, mwaka 1879, simu ya chini ya bahari ilifika Zanzibar kutoka Aden. Kwa hiyo kazi iliyozaa ugunduzi huu si hadithi ya mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Nimewafundisha walimu wengi, na kila mara nilipofika hapa nilisimama kidogo. Kipimo kinapokataa kutulia, wanafunzi wetu hufuta jibu na kuandika lile la kitabuni. Seleni ingekaa kimya hadi leo kama Smith angefanya hivyo.

Baada ya hapo inafuata ajabu nyingine, kwamba taa maarufu ya kwanza kuijua magharibi haikutumia umeme hata kidogo. Gustaf Dalén alizaliwa mwaka 1869 katika familia ya wakulima nchini Sweden. Alipokuwa bado shambani alibuni kifaa cha kupimia mafuta katika maziwa, akampelekea mvumbuzi mashuhuri wa nchi hiyo, Gustaf de Laval. Huyu alimshauri aende shule akasome ufundi, naye akaenda akasoma Göteborg. Maneno machache ya mtu mzima kwa kijana yanaweza kugeuza maisha yote. Hilo kila mwalimu analijua.

Tatizo alilolishika Dalén lilikuwa la minara na maboya ya kuongozea meli. Yalikuwa mbali, juu ya miamba na katikati ya maji, na gesi ya asetilini iliyoyaangaza ilikuwa ghali. Kwanza alitengeneza kifaa cha kuifanya taa imweke badala ya kuwaka mfululizo. Kisha mwaka 1907 akaleta vali ya jua. Ndani yake mlikuwa na fimbo nne za metali. Moja ilikuwa nyeusi, na tatu zilizoizunguka ziling'arishwa. Zote ziliguswa na joto lile lile la hewa, lakini mwanga wa mchana uliingia katika ile nyeusi na kurudishwa na zile zinazong'aa. Nyeusi ikapata joto la ziada, ikarefuka kidogo kuliko wenzake, ikafunga mlango wa gesi. Jua likichwa, ilinywea, na mlango ukafunguka. Taa ikashika kutoka katika kimwale kidogo kilichokuwa hai daima. Vifaa vyake kwa pamoja viliokoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi, na boya likaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa na mtu.

Mwaka 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Hakwenda kuipokea. Miezi michache kabla, akiwa anajaribu usalama wa mitungi ya gesi, mlipuko ulimjeruhi vibaya na kumpofua macho yote mawili. Ndugu yake, aliyekuwa profesa wa tiba ya macho, ndiye aliyeipokea kwa niaba yake. Aliyezipa taa macho alipoteza yake mwaka ule ule. Hata hivyo aliendelea kuiongoza kampuni yake hadi alipofariki mwaka 1937, yaani miaka 25 akiwa kipofu.

Sakiti tuliyonayo leo ni mtoto wa Smith, ingawa kazi yake ni ile ile ya Dalén. Kidole kimoja hakivunji chawa: ilibidi wengine waongeze chao. Seleni ilipokewa na salfaidi ya kadimi, ambayo gizani ukinzani wake hufika mamia ya maelfu ya omu, na juani hushuka hadi mamia machache tu. Mwaka 1947 transista ilizaliwa katika maabara ya Bell nchini Marekani, na baada yake watu wa kawaida wakaweza kuunda kilichohitaji mtambo mkubwa zamani.

Mpango wake ni mwepisi. Kikinza mwanga huunganishwa mfululizo na kikinza cha kurekebishwa, na pale vinapokutana hushikizwa beisi ya transista. Mchana kikinza mwanga huupitisha umeme wote chini, beisi ikabaki na njaa. Giza likiingia, ukinzani hupanda, na volti ya beisi ikifika kama 0.6 au 0.7, transista hufunguka na kuivuta rilei. Rilei ndiyo swichi inayowasha taa ya volti 230, huku sehemu ya kuhisi ikifanya kazi kwa volti 12 tu bila kumhatarisha mtu.

Ugumu upo katika nusu giza. Wakati wa machweo mwanga haushuki kama ngazi. Hutelemka polepole, wingu likipita hushuka ghafla na kupanda tena. Taa yenye mpaka mmoja wa kuamua itapepesa kama mtu anayesitasita mlangoni. Dawa yake ilitoka kwa Mmarekani Otto Schmitt, ambaye mwaka 1934, akiwa bado mwanafunzi aliyekuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi, alibuni sakiti yenye mipaka miwili: mmoja wa kuwasha na mwingine, ulio mbali kidogo, wa kuzima. Ikishaamua, haibadili nia mpaka pawe na sababu ya kutosha.

Miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi iliyo ndani ya chuo cha ualimu. Swichi ya taa za nje ilikuwa ofisini, na ofisi ilifungwa Ijumaa alasiri. Basi ama taa ziliwaka hadi Jumatatu, bili ikapanda, ama wanachuo wa kike walirudi bwenini gizani. Wanachuo wa sayansi waliunda sakiti hiyo juu ya kipande cha ubao, kwa vipuri vya redio mbovu. Jioni ya kwanza taa iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Wakakagua waya zote. Aliyetatua ni mlinzi wetu, mzee ambaye hakupita shule. "Vijana wangu," alisema, "hicho kijicho chenu kinaitazama taa yenyewe. Kikiiona kinadhani kumekucha." Wakakifunika kwa kopo la maziwa, wakakielekeza angani upande mwingine. Ikatulia.

Lakini mjumbe mmoja wa kamati akauliza kama sasa mlinzi mmoja asingetosha badala ya wawili. Yule mzee alisikia. Kesho yake akaja ofisini, akavua kofia. "Mwalimu, nimewasaidia vijana. Sasa nimejifukuza kazi?"

Nilimwambia akae. Katika kikao kilichofuata niliwaeleza wajumbe kwamba sakiti ile inajua jambo moja tu, nalo ni giza. Haimjui mwizi, haimjui mwanachuo aliyeugua malaria saa nane usiku, haijui harufu ya waya unaoungua. Fedha iliyookolewa ilitoka katika umeme uliopotea. Haikuwa halali kuitafuta tena katika mshahara wa mtu. Walinzi wakabaki wawili, hadi mzee yule alipostaafu kwa hiari yake.

Mambo yameendelea. Umoja wa Ulaya ulizuia kadimi katika vifaa vingi vya umeme kuanzia mwaka 2006 kwa sababu ya sumu yake, na silikoni imeshika nafasi. Taa nyingi za jua zilizoko vijijini mwetu hazina hata kikinza mwanga. Paneli yenyewe ikiacha kutoa umeme, taa hujua kuwa jua limekwenda. Wajukuu wangu wanaona ni jambo la kawaida, na hakuna ubaya.

Ninachoomba ni kwamba tukiweka kifaa cha kufanya kazi ya mtu, tukae kwanza na mtu huyo na kuorodhesha yote anayofanya. Mwasha taa wa London alikuwa akiwasha taa, lakini pia alipita kila mtaa kila usiku na kujua nani hayuko salama. Vali ya Dalén haikuhitaji kumwondoa mtu yeyote kwenye mwamba usiokalika. Hapo faida ilikuwa safi. Mahali pengine hesabu ni ndefu zaidi, na yapasa ifanywe mapema, kabla ya barua ya kumwachisha mtu kazi kuandikwa.