Mwisho wa Dunia katika Historia ya Sayansi: Kutoka Jua Linalopoa hadi Jua Linalovimba

Utangulizi

Kiswahili kina neno mahususi la mwisho wa dunia, nalo ni kiama, au kiyama kama waandikavyo wengine. Neno hili limetokana na Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kusimama: wafu wanasimama, na wanadamu wanasimamishwa mbele ya Muumba wao ili wahesabiwe matendo yao. Tenzi zimeisimulia siku hiyo kwa mapana, na katika mazungumzo ya kawaida neno lenyewe hutumiwa hata kwa gharika au vita. Kwa hiyo, mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili namna Jua litakavyofikia ukomo wake hukuta kwamba neno limekwisha kumtangulia. Wanafunzi huelekea kuyapokea maelezo yake ama kama utabiri unaoshindana na dini, ama kama tafsiri mpya ya utabiri huo. Mapokezi yote mawili yana kasoro. Ili kasoro hiyo ionekane, inafaa kufuatilia historia ya hoja moja, yaani hoja ya kifo cha Jua, ambayo katika muda usiofika karne moja iligeuka kutoka mwisho wa baridi ikawa mwisho wa moto.

Jua linalopoa

Katikati ya karne ya 19, wanafizikia wa Ulaya walikuwa wamekubaliana kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika sura. Mwaka 1852 William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, aliongeza jambo zito: nishati haipotei, lakini hutawanyika. Joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, wala halirudi lenyewe. Kutokana na kanuni hiyo alihitimisha kwamba baada ya muda wenye kikomo Dunia haitafaa tena kukaliwa na binadamu. Miaka miwili baadaye Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika mhadhara wa hadhara mjini Königsberg, alieleza kwamba Jua hupata joto kwa kujikunja kutokana na uzito wake lenyewe. Maelezo hayo yalikuwa mazuri, ila kitu kinachojikunja hakiwezi kujikunja milele.

Mwaka 1862 Kelvin alipiga hesabu. Alikadiria kwamba huenda Jua halikuwa limeiangaza Dunia kwa zaidi ya miaka milioni 100, na kwamba ilikuwa karibu yakini kuwa halikufikisha miaka milioni 500. Kuhusu wakati ujao, aliona kwamba wakaaji wa Dunia wasingeweza kutegemea mwanga na joto hilo kwa mamilioni mengi ya miaka zaidi. Hata hivyo aliweka sharti moja: isipokuwa kama kuna vyanzo vya joto ambavyo bado havijajulikana.

Hesabu hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Kwanza, iliwabana wanajiolojia na wafuasi wa Charles Darwin, ambao nadharia zao zilihitaji muda mrefu zaidi ya huo. Pili, iligusa nyoyo. Darwin mwenyewe, katika maandishi juu ya maisha yake, alikiri kwamba hakuweza kulivumilia wazo la viumbe vilivyopiga hatua polepole kwa muda mrefu hivyo kuja kuangamia Jua litakapopoa. Katika riwaya ya H. G. Wells, The Time Machine, iliyotoka mwaka 1895, msafiri anajikuta ufukweni katika baridi kali, chini ya Jua kubwa jekundu lililofifia. Wasomaji wa wakati ule hawakuliona hilo kuwa ndoto tupu. Lilitokana na fizikia iliyokuwa ikifundishwa vyuoni.

Sharti latimia

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua mjini Paris kwamba chumvi za urani hutoa mionzi zenyewe. Mwaka 1904 Ernest Rutherford alitoa mhadhara mjini London kuhusu joto litokanalo na unururifu, na Kelvin, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Rutherford alisimulia baadaye kwamba mzee huyo alikuwa amesinzia, kisha akafumbua jicho moja hoja ilipofika mahali pagumu. Hapo Rutherford akakumbusha kwamba Kelvin aliuwekea kikomo umri wa Dunia kwa sharti kwamba kisigunduliwe chanzo kipya cha joto. Mzee akatabasamu.

Unururifu haukuwa chanzo cha joto la Jua, lakini uliivunja imani kwamba vyanzo vyote vilikuwa vimekwisha kujulikana. Mwaka 1920 Arthur Eddington, akihutubia mjini Cardiff, alitaja chanzo kingine. Atomu nne za hidrojeni kwa pamoja ni nzito kidogo kuliko atomu moja ya heli. Hidrojeni ikiungana kuwa heli, tofauti hiyo hutoka kama nishati. Mwaka 1925 Cecilia Payne alionyesha katika tasnifu yake kwamba nyota zimejaa hidrojeni na heli. Wakubwa wa fani hawakusadiki, naye akalazimika kuandika kwamba matokeo yake huenda si ya kweli. Miaka michache baadaye wakamkubali. Mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza hatua za muungano wa viini katika nyota.

Jua linalovimba

Kutokana na kazi hizo, mwisho ukageuka. Kila sekunde Jua hugeuza takriban tani milioni 600 za hidrojeni kuwa heli. Limekwisha kuwaka kwa miaka bilioni 4.6, wala halipoi. Mwanga wake huongezeka polepole, kiasi cha asilimia 10 kwa kila miaka bilioni moja. Mwanga ukiongezeka hivyo, bahari zitaanza kukauka baada ya takriban miaka bilioni moja. Hidrojeni ikiisha katika kiini, baada ya takriban miaka bilioni 5, Jua litavimba na kuwa nyota kubwa nyekundu, limeze sayari zilizo karibu nalo. Kama Dunia nayo itamezwa, hilo lingali likijadiliwa. Baadaye Jua litabaki nyota ndogo nyeupe inayopoa, na kwa namna hiyo baridi ya Kelvin inarudi, lakini mwishoni kabisa na kwa sababu nyingine.

Nyota nzito kuliko Jua hufa kwa njia tofauti, na katika habari hiyo pwani ya Afrika Mashariki ina nafasi yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksi kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuwaongoza wanasayansi kwenye Cygnus X-1, ambayo ni shimo jeusi, yaani mabaki ya nyota iliyoporomoka ndani yake yenyewe.

Miisho mitatu

Neno dunia, ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, hubeba maana za sayari, maisha ya hapa na watu wote. Kwa sababu hiyo, maneno "mwisho wa dunia" huficha mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa.

La kwanza ni mwisho wa sayari, ambao ndio uliokwisha kuelezwa.

La pili ni mwisho wa viumbe. Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao walikuta iridi nyingi kupita kawaida katika tabaka jembamba la udongo lenye umri wa miaka milioni 66, wakadai kwamba mwamba wa angani wenye kipenyo cha takriban kilomita 10 uliigonga Dunia. Mwaka 1991 shimo la Chicxulub nchini Meksiko lilitambuliwa kuwa mahali pa mgongano huo. Madinosauri walitoweka, isipokuwa ukoo wa ndege, lakini sayari ilibaki.

La tatu ni mwisho wa ulimwengu. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanasayansi yalitangaza kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Hali hiyo ikiendelea, nyota zitazimika moja moja na kila kitu kitafifia. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2024 na 2025 vimedokeza kwamba nguvu inayosukuma utanukaji huo huenda inapungua. Jambo hilo halijathibitishwa, na likithibitishwa, mwisho huu nao utaandikwa upya.

Hitimisho

Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Sayansi inakubaliana nao, lakini ncha yenyewe imeihamisha mara kwa mara, na haikuona aibu kufanya hivyo. Hesabu ya Kelvin haikuwa ya kijinga. Ilikuwa sahihi kwa yale yaliyojulikana, na neno lake la thamani kuliko yote lilikuwa "isipokuwa". Habari ya kiama haina neno hilo: siku itafika, na anayeijua ni Mungu peke yake. Kauli ya kisayansi husimama juu ya sharti, na Kiswahili kina chombo kamili cha kulibeba. Kusema "Jua litavimba" ni kutabiri. Kusema "hidrojeni ikiisha katika kiini, Jua litavimba" ni kutoa hoja ambayo mwingine anaweza kuipima na hata kuibatilisha. Kiambishi -ki- ni silabi moja tu, lakini mfasiri au mwalimu akikidondosha, msikilizaji hupewa unabii mahali alipostahili kupewa sayansi.