Mfalme Aliyehesabu Kurasa: Historia Fupi ya Rafu za Vitabu Karagwe

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe pamoja na mwenzake James Grant, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Walipokelewa vizuri na Omukama Rumanyika, na Speke akawa anakaa naye wakiongea mambo mengi. Siku moja maongezi yakafika kwenye asili ya watu, Speke akatoa Biblia. Rumanyika alipoishika akaanza kuhesabu karatasi zake, moja baada ya nyingine, kwa kuwa alidhani kila karatasi ni mwaka mmoja tangu dunia iumbwe. Speke anasimulia katika kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1863, kwamba Omukama alifika kama robo ya kitabu, akaacha tu pale alipoambiwa kuwa akitaka hesabu ya uhakika zaidi, basi ahesabu maneno.

Wengi wakisikia kisa hiki wanacheka. Mimi nakiheshimu sana. Huyu ni mtu aliyeshika kitabu ambacho hakuweza kukisoma, na bado akatambua mara moja kwamba ndani yake kuna muda umehifadhiwa. Sisi tuliokusanya vitabu majumbani tunafanya nini kingine? Tunasimama mbele ya rafu, tunahesabu miaka.

Lakini kisa kina upande wa pili, na ndio ulionifanya niandike. Biblia ile haikufika mkononi mwa Rumanyika peke yake. Ilikuja na maelezo ya Speke, na maelezo hayo yalikuwa na kasoro kubwa. Speke aliamini kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Ethiopia, tofauti na raia wao. Nadharia hiyo akamweleza Rumanyika, akaiandika kitabuni, na waliokuja baada yake wakaibeba kama ukweli uliothibitishwa. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wanajua gharama yake. Omukama alipewa kitabu na mtu mwenye uhakika mwingi kuliko ujuzi.

Basi hoja yangu ni hii, ndugu msomaji: huku kwetu kitabu hakijawahi kusafiri peke yake. Kinaletwa na mtu, na mtu huyo anasema neno. Maktaba ya nyumbani inakua au inakufa kutokana na neno hilo.

Tusogee mbele miaka thelathini na kitu. Upande wa kaskazini, Buganda, watu waliokuwa wanajifunza dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kuamini na kusoma vilikuwa kama jambo moja. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi iliyoongozwa na George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta. Ilichapwa kwa umbo fupi na nene, itoshee ndani ya mkebe wa biskuti wa Huntley & Palmers. Sababu? Mchwa! Yeyote aliyewahi kuacha kitabu kwenye nyumba ya udongo msimu mmoja tu anaelewa. Kwa hiyo ukiniuliza rafu ya kwanza ya vitabu katika nyumba za ukanda huu ilikuwaje, nitakujibu ilikuwa ya bati, ina mfuniko, na kabla ya hapo ilikaa biskuti.

Vitabu hivyo vya Kiganda vikavuka kuja Buhaya. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta tayari kuna Wahaya wanaosoma, waliojifunza kutoka Buganda. Hakuna shule iliyowajengea maktaba. Mtu alijifunza kwa mwenzake, akarudi nyumbani, akamwonyesha mwingine. Kitabu kimoja, macho mengi.

Upande wa Wakatoliki kulikuwa na seminari ya Rubya, ambako alisoma kijana kutoka kisiwa cha Ukerewe aliyeitwa Aniceti Kitereza. Pale alikutana na Kilatini, na vitabu ambavyo kijijini kwake havikuwepo. Alirudi Ukerewe, na mwaka 1945 akamaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, habari za mume na mke waliopendana wakiwa hawana mtoto. Wapenzi wa vitabu mnaijua: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mswada ulikaa. Padri rafiki yake aliuchukua kwenda nao Kanada akitarajia kuutafsiri, akafariki kabla kazi haijatimia. Miaka ya 1960 wakaja watafiti wawili, mke na mume Hartwig, wakamtia moyo, na mzee mwenyewe akaugeuza mswada wake kuwa wa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa riwaya hiyo mwaka 1980, juzuu mbili. Kitereza akafariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.

Miaka 35 mswada uko nyumbani na mikononi mwa marafiki! Kila nikikiangalia kitabu hiki najiuliza ni miswada mingapi ya namna hiyo iliyoishia kuwa chakula cha mchwa kwa sababu tu haikupata rafiki wa kuitembeza. Kwa bahati wengine walipata. Francis Xavier Lwamgira aliandika historia ya wafalme wa Kiziba kwa Kihaya, ikachapwa Kashozi mwaka 1949 na kiwanda cha Rumuli. Israel Katoke akaandika historia ya ufalme wetu wa Karagwe, ikatoka Nairobi mwaka 1975. Hii ya pili ni ya Kiingereza, na kuipata leo si mchezo. Mnyambo anaweza kuzeeka hajawahi kukiona kitabu kinachoeleza habari za babu zake.

Serikali nazo zilijaribu kuleta vitabu. Mwaka 1948 wakoloni walianzisha East African Literature Bureau, iliyochapisha vitabu kwa lugha zetu na pia kupeleka masanduku ya vitabu mikoani na kuazimisha kwa njia ya posta. Hebu fikiria: unaandika barua, kitabu kinakuja kwa posta, unasoma, unarudisha. Baada ya uhuru likaja Shirika la Huduma za Maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Mwaka uliofuata mradi mkubwa wa kisomo wa UNESCO ukaanza katika mikoa minne inayozunguka Ziwa Viktoria, ikiwemo Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vinavyozungumzia kazi zao: pamba, uvuvi, ng'ombe, na kwa sisi watu wa huku, migomba. Likatolewa hata gazeti la vijijini lenye jina zuri sana, Elimu Haina Mwisho.

Kazi ile ilikuwa kubwa, nani atakataa? Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wamepungua kutoka kama asilimia 67 mwaka 1970 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Lakini mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na ile Bureau ikafa nayo. Baada ya hapo ikaja miaka ya shida ya kila kitu, karatasi ikiwemo. Tukawa na wasomaji wengi kuliko vitabu. Watu walifundishwa kula, sahani ikaondolewa.

Ndipo kabati la nyumbani likapata kazi yake ya kweli. Katika kijiji, mwenye vitabu alikuwa mwalimu, au katekista, au mganga wa zahanati, au karani wa chama cha msingi cha kahawa. Vitabu ishirini vilitosha kumfanya mtu ajulikane. Na watu hawakwenda kwake kuomba "kitabu". Walikwenda kuomba kile walichosimuliwa. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya mwaka 1974, vilisomwa mpaka majalada yakatoka, na kurasa za kwanza nazo zikafuata. Msomaji wa kumi alianzia katikati, akaelezwa mwanzo kwa mdomo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, na mnajua wenyewe marufuku inavyofanya kazi. Hakuna pendekezo la kitabu lenye nguvu kama mkubwa kukwambia usikisome.

Kwa hiyo ile kazi tunayoifanya leo, ya kumwambia rafiki "tafuta hiki", ina ukoo mrefu. Siyo anasa iliyokuja na simu.

Sasa nirudi Ihanda. Rafu yangu ilianza na kreti la soda lililosimamishwa kwa ubavu. Likajaa. Fundi akanitengenezea rafu ya mbao, ikajaa, akaongeza nyingine juu yake, na sasa kuna vitabu chini ya kitanda ndani ya ndoo yenye mfuniko, mjukuu halali wa ule mkebe wa biskuti. Vingine nimenunua Bukoba, vingine vya mtumba vimekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, vingi nimepewa. Na vingi vimekuja kwa njia ambayo wapenzi wa vitabu mnaifahamu: unaazimisha kimoja, anayekirudisha anakuja na cha kwake. "Waitu, soma na hiki." Basi, tayari deni.

Nina daftari la waazimaji. Mwanzoni lilikuwa na jina la mtu, kitabu na tarehe. Baadaye nikaongeza safu ya nne: alisema nini aliporudisha. Hiyo safu ndiyo imekuwa na thamani kuliko zote. Mama mmoja muuza ndizi alirudisha Myombekere baada ya miezi minne, akasema tu, "Huyu mwanaume alimvumilia mke wake kuliko wanaume wa siku hizi." Tangu siku hiyo, kitabu kile nikikimpa mtu mwenye ndoa changa namwambia maneno ya yule mama, na sijawahi kukirudishiwa hakijasomwa. Hayo maelezo ningeyatoa wapi? Jalada haliyasemi.

Najua ubishi uliopo. Wenzangu wengi wanasema kitabu hakiazimwi, na wanatoa ile methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Wanasema mjinga ni anayeazimisha kitabu, na mjinga zaidi ni anayekirudisha. Wana haki. Kuna mapengo kwenye rafu yangu yenye majina ya watu. Ila nikipima kwa historia hii, naona vitabu vilivyobaki salama kabatini ndivyo vilivyopotea kabisa. Mwenye navyo akifariki, watoto wako mjini, nyumba inafungwa. Matanga yakiisha, vitabu vinagawanywa pamoja na masufuria, au vinafungia maandazi. Hakuna ndugu anayejua kwamba kile chenye jalada bovu ndicho kisichopatikana tena, kwa sababu marehemu hakumwambia mtu. Kile alichomwazima jirani mwaka juzi, bado kiko kwa jirani. Kinasomwa.

Hata Katoke wangu, mnayemjua ni adimu, nimeanza kumtoa. Simtoi hivihivi. Anayeujua Kiingereza anasoma nyumbani kwake; asiyejua anakuja jioni, tunakaa nje, namsomea sura kwa Kiswahili huku nikisimama kumwambia, "Hapa mwandishi anasema hivi; wazee wetu wanasemaje?" Mara nyingi wana la kusema. Mzee mmoja alinisahihishia jina la mahali, akaniambia na mti uliokuwepo pale. Nimeliandika jina hilo kwa penseli pembeni ya ukurasa. Hilo ndilo lililokosekana mwaka 1861: mwenye kitabu alikuwa na mengi ya kumwambia Rumanyika, na machache sana ya kumwuliza.

Kama una vitabu nyumbani, hata kumi, nakuomba mambo mawili madogo. Chukua daftari, weka ile safu ya nne. Na leo, kabla hujanunua kingine, andika ndani ya jalada la kitabu kimoja sentensi ya kumwambia atakayekishika baada yako kwa nini hakipaswi kufungia maandazi. Kisha tuambie hapa chini umeandika kwenye kipi. Mimi natafuta sababu ya kuongeza rafu ya tatu, na fundi amesema mbao anazo.