Mota Iliyokunjuliwa

Katika mji wa Manchester, ambao kwa zaidi ya karne moja ulikula na kunywa kwa pamba, palikuwa na mhandisi wa Chuo Kikuu cha huko, Eric Laithwaite, aliyeingiwa na fikra mwishoni mwa miaka ya 1940 ya kukiondolea kitanda cha mfumi rungu lake. Maana kile kijiti kipitishacho uzi wa mshindio baina ya nyuzi za mtande kilikuwa kikipigwa huku na huku kwa kishindo cha kuua masikio ya wafanyakazi, naye akataka kisukumwe na sumaku isiyokigusa.

Hikima yenyewe hakuibuni yeye, kwani Alfred Zehden alikwisha kupewa hataza ya Marekani mwaka 1905 kwa ajili ya treni. Chukua mota ya kawaida ya umeme, uipasue upande mmoja na kuikunjua kama mkeka (nami sioni mfano ulio bora kuliko huo), na ile nguvu ya sumaku iliyokuwa ikizunguka itakwenda moja kwa moja. Bamba la alumini likipita juu yake huzaliwa umeme ndani yake, nalo husukumwa mbele pasipo meno, mnyororo wala ukanda. Ila pengo la hewa baina ya mota na bamba hula umeme mwingi, na hiyo ndiyo bei yake.

Wenye viwanda vya nguo hatimaye walikiacha kijiti chenyewe, wakarusha uzi kwa upepo na kwa maji. Mota ikahamia kwenye uchukuzi wa mizigo, na mtihani wake mashuhuri kabisa ukawa katika uwanja wa ndege wa Denver, ambako vigari vipatavyo 4,000 vilitakiwa vibebe mizigo ya abiria juu ya reli, vikisukumwa na mota zilizopangwa njiani. Mwaka 1994 waandishi wa habari walialikwa kutazama, wakashuhudia masanduku yakirushwa na kupasuka. Uwanja ulifunguliwa tarehe 28 Februari 1995, umechelewa miezi 16. Aghalabu taksiri ilikuwa katika hesabu, si katika sumaku: kigari kitupu hakikufika kilipongojewa. Mwaka 2005 mtambo ule ulizimwa, mizigo ikarudi kwa madereva na matela yao.

Hata hivyo, katika maghala ya vifurushi mota hiyo ingali ikisukuma msururu wa sinia zinazozunguka mchana kutwa, kila moja ikiinama penye mlango wake, ikamwaga kifurushi, ikaenda zake.