Ombi la kuunganisha

Ukigundua kosa katika programu huria isiyo yako, huwezi kulirekebisha moja kwa moja kwenye hifadhi ya mradi. Unachukua nakala, unafanya mabadiliko kwenye tawi lako, kisha unamwomba msimamizi ayakague na kuyapokea. Ombi hilo jukwaa la GitHub huliita "pull request", la GitLab huliita "merge request".

Jina la kwanza linamtazama msimamizi: yeye ndiye anayevuta mabadiliko kutoka kwenye hifadhi ya mchangiaji. Kwa Kiswahili wapo wanaosema "ombi la kuvuta", nami silikubali, kwa kuwa msomaji hajui nani avute nini. "Ombi la kuunganisha" linataja kazi yenyewe na linafaa kwenye majukwaa yote mawili. Neno "ombi" lisiachwe kamwe, maana msimamizi ana haki ya kukataa. Waundaji wa kiini cha Linux, ambao hadi leo hutumiana mabadiliko mengi kwa barua pepe, wana neno lao, "patch", nalo kwa Kiswahili tunalo tayari: kiraka.

Istilahi hii inagusa pia swali la mahali pa kuweka msimbo. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi historia yote ya msimbo katika kila nakala kamili. Ukihama, unahama nayo. Maombi ya kuunganisha si hivyo. Mjadala, ukaguzi na sababu za kukataliwa hukaa kwenye jukwaa, na jukwaa lina mwenyewe. Jukwaa la Gitorious lilifungwa mwaka 2015, la Google Code mwaka 2016. GitHub ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na baadhi ya miradi ikahamia kwingine. Leo ipo Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha faida chenye makao Berlin, na GitLab unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe.

Mchangiaji hana hiari kubwa: huenda mradi ulipo. Mwenye mradi ndiye anayechagua, na kabla ya kuchagua aulize kama maombi na mijadala yake vitaweza kuhamishwa. Nawe unayechangia, usiandike "nimerekebisha" tu. Eleza sababu katika ujumbe wa badiliko lenyewe, ndani ya Git, ili isafiri pamoja na msimbo.